Hii picha kachora nani?

Duka langu lipo Mkuyuni, hapa Mwanza, kando ya barabara inayokwenda Nyegezi. Natoa kopi, nachapa barua za kuombea kazi, nauza madaftari, na napiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cha bluu nilichotundika ukutani. Mwaka 2021, zile wiki ambazo mvua za vuli zilikuwa hazitupi nafasi ya kupumua, aliingia binti wa kidato cha nne na simu iliyopasuka kioo kwenye kona.

"Shikamoo dada. Naomba unitolee hii, ya rangi. Nataka kuibandika juu ya kitanda."

Nilipoiona sikuweza kubonyeza mara moja. Mwanamke mweusi, ameinamisha shingo kidogo kama anayesikiliza kitu. Nyuma yake hakuna kitu, si ukuta wala mti, ni weupe mtupu. Nguo yake nayo nyeupe, huwezi kusema nguo inaishia wapi na weupe wa nyuma unaanzia wapi. Unaona uso, mikono, bega moja, na macho yako yenyewe ndiyo yanamvisha.

Nikaichapa. Ikatoka mbovu, kingo za mikono zimekuwa vingazi vingazi kama tofali zilizopangwa ovyo. Naijua dalili hiyo kwa sababu naiona kila siku: picha ikirushwa WhatsApp inabanwa, mtu akiihifadhi na kuirusha upya inabanwa tena, ikifika kwangu imebaki mifupa.

"Hii imepita mikono mingi," nikamwambia. "Kachora nani?"

"Sijui dada. Niliikuta kwenye grupu."

Nikamwambia arudi kesho. Usiku ule niliunga bando, nikafungua ile sehemu ya kutafuta kwa picha badala ya maneno, ambayo nilikuwa naiona kila siku na sijawahi kuigusa. Nikaweka picha ya yule mwanamke. Sekunde chache tu, jina likaja: Sungi Mlengeya. Mtanzania, amezaliwa 1991. Hakusomea uchoraji darasani, alijifunza mwenyewe, na alikuwa akifanya kazi benki kabla ya kuiacha na kushika brashi moja kwa moja. Kazi zake zinaonyeshwa na jumba la sanaa liitwalo Afriart, Kampala, ng'ambo tu ya ziwa hili hili ninaloliona nikipanda mlima wa nyuma ya nyumba.

Nilikaa kitandani nimeishika simu mpaka ikaanza kulia kwamba chaji inaisha. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba picha nzuri kiasi hicho inatoka mahali ambapo mimi sina ndugu. Na ningeendelea kuamini hivyo maisha yangu yote, kwa sababu mtu wa kwanza aliyeirusha kwenye grupu alilikata jina likaanguka njiani.

Binti aliporudi nilimwonyesha picha zenyewe, kubwa na safi, na jina la mwenyewe. Ile karatasi mbovu nilimpa bure, nikaandika jina la Mlengeya chini yake kwa kalamu. Tangu siku ile nikaacha kuwauzia watu picha za wasanii nilizoziokota mtandaoni. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na mimi ndiye mwenye mashine ya kunakili. Swali la "kachora nani" lilipaswa kuanzia kwangu.

Tena mimi nimezaliwa na mchoraji. Baba yangu alichora mabango na mitumbwi hapa Kirumba kwa zaidi ya miaka thelathini: vinyozi, mama lishe, zahanati, maduka ya nyavu. Aliacha mwaka 2019, mikono ilipoanza kutetemeka. Hakuwahi kuandika jina lake kwenye kazi. Aliweka samaki, furu mdogo urefu wa kidole gumba, kona ya chini kulia. Wateja walitaka sangara, kwa hiyo sangara kamchora mpaka angeweza kumchora amefumba macho. Lakini sangara ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950, akashamiri miaka ya 1980, na aina nyingi sana za furu zikatoweka. Baba alipokuwa mtoto kule Magu walikula furu. Furu ni wake.

Jumapili iliyofuata nikampelekea simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Akaishika mbali na uso kama wazee wanavyoshika, akamwangalia yule mwanamke wa weupe kwa muda mrefu. Nilidhani atasema ni mzuri. Akasema, "Huyu anajua kuacha." Nikamwomba anieleze. "Fundi asiyejiamini anajaza. Anaona nafasi wazi anaogopa, anatia ua. Mimi bango la zahanati nilikuwa naliachia nafasi mpaka mteja ananiuliza, mbona hujamaliza? Namwambia kasimame kule ng'ambo ya barabara usome. Huyu dada weupe haukumshinda. Kauacha ufanye kazi."

Nimesoma maelezo mengi mtandaoni kuhusu kazi za Mlengeya. Hakuna yaliyonifungua macho kama hayo.

Nikaanza kumpelekea kitu kila Jumapili. Nilinunua kauntabuku, ukurasa mmoja msanii mmoja, jina juu, chini yake nilichoona na alichosema baba. Namna ya kutafuta niliivumbua kwa kuparamia: ukishapata jumba moja la sanaa Instagram, angalia lenyewe linawafuata akina nani. Hapo utakuta wachoraji, na kila mchoraji anawafuata wenzake, na mwenzake wa tatu au wa nne ndiye anayekukosesha usingizi. Wakati mwingine bando liliisha katikati ya picha, nusu imefunguka, nusu ya kijivu.

Jina la Tingatinga baba alilijua kabla yangu. Mimi nilijua picha za tembo na chui zinazouzwa kwa wageni. Sikujua kwamba Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora miaka minne tu hivi, kuanzia 1968 hadi 1972, polisi walipompiga risasi wakimdhania mhalifu. Wala sikujua kwamba alitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya ubao laini wa kiwandani. Baba alitabasamu. "Ndiyo hiyo hiyo. Inang'aa, haisikii mvua, na ipo duka lolote. Unachora na kilichopo." Nikafahamu kwamba rangi za makopo zilizojaa chini ya kitanda chetu utotoni, zile mama alizolalamikia harufu yake, ni za ukoo mmoja na picha zilizomo kwenye majumba ya makumbusho Ulaya.

Wengine nitawapitia haraka. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954, alipata tuzo ya sanaa ya Turner, Uingereza, mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Kilimanjaro, alijichora mwenyewe mwaka 1982, na miaka arobaini baadaye, 2022, jumba la picha za watu mashuhuri la London likainunua picha hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza jumba lile kuwa na picha ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kwa rangi. Miaka arobaini! Nilimsomea baba hiyo, akatikisa kichwa tu.

Sasa nije kwa yule aliyenirudisha kwa bibi.

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984. Picha zake ni kubwa, zimejaa watu, mikutano ya siasa, nyani, majani, rangi za zambarau na kijani kibichi zinazoteleza kama maji. Nilipozikuza kwenye simu niliona kitu nikadhani ni kasoro ya picha: matundu, na mishono iliyopita katikati ya uso wa mtu kama kovu la operesheni. Nikasoma. Hachori juu ya turubai. Anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti.

Lubugo! Mama yangu ni wa Kanyigo, Missenyi, kule mpakani na Uganda. Kwa bibi kulikuwa na kipande cha lubugo kimekunjwa juu ya kabati, rangi ya udongo uliopigwa na mvua, na sisi wajukuu tulikatazwa kukigusa. Mimi nilikiona kama gunia la zamani. Nilimpigia mama simu usiku ule ule, akanieleza alivyosikia kwa wazee wake: mti unaitwa mutuba, unabandua gome wakati wa mvua, unalipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, unalipiga siku nzima mpaka linatanuka na kulainika, ndipo unalianika juani nalo linaiva wekundu. Shina lililobaki uchi unalifunga majani ya mgomba kama mgonjwa, linaota gome jipya. Mti haufi. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utengenezaji wa lubugo wa Buganda kuwa urithi wa dunia nzima. Huko Buganda ndiyo sanda ya kuzikia, kwa hiyo mtu akichora juu yake anachora juu ya kitu ambacho tayari kina uzito wake.

Gome halina unyoofu wa kitambaa cha kiwandani. Pale tawi lilipokuwa linatokea panabaki tundu. Armitage anaweza kuliziba, lakini mara nyingi analiacha, na tundu linaingia kwenye picha, linakuwa mahali ambapo mkono wa mtu unapotelea. Nilivyoelewa hivyo nilirudi kuziangalia zote upya, moja baada ya nyingine, na nilitumia bando la wiki kwa usiku mmoja.

Mama akaniuliza, "Hao wanaompigia lubugo anawataja?" Swali hilo limenikaa. Ndiyo maana nilimpenda sana Acaye Kerunen wa Uganda, ambaye anafanya kazi na wanawake wasukaji, majamvi, ukindu, nyuzi za migomba, vitu ambavyo hapa kwetu vinapangwa chini sokoni, na anavishona pamoja kuwa kazi kubwa za kutundikwa. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa mara ya kwanza kabisa, yeye na Collin Sekajugo, wakapewa heshima maalumu ya waamuzi. Tanzania nasi tukaenda Venice 2024. Mkeka niliokalia nikiandika haya umesukwa na mkono wa mtu, na niliununua bila kumuuliza jina.

Hata kwetu Usukumani jambo hilo la majina limetokea. Nikiperuzi nilikutana na michoro ya Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, waliyoichora kwenye kuta za ndani za nyumba zao za kuingizia wanachama: nyoka, watu, wanyama, kwa rangi za udongo na masizi. Mtafiti wa Kizungu, Hans Cory, aliinakili, ikachapwa kitabu London mwaka 1953. Nimezaliwa kilomita chache kutoka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, nimecheza ngoma za sikukuu ya Bulabo nikiwa mtoto, na michoro ile nimeiona mara ya kwanza kwenye simu. Jina lililo kwenye jalada ni la Cory.

Upande wa kamera aliyenibadilisha ni Aïda Muluneh wa Ethiopia. Mwaka 2018 alipiga picha kule Dallol, Afar, kwa ajili ya shirika la WaterAid, kuhusu wanawake na maji. Sasa picha za wanawake na maji tunazijua: ndoo, vumbi, mtoto analia. Yeye aliwapaka nyuso rangi, akawavika nyekundu, bluu na njano iliyokolea, akawasimamisha kwenye ardhi tupu ile na madumu yao, wima, wanatazama. Shida ya maji ipo pale pale, hakuificha. Ila hakuna mtu kwenye picha zile unayeweza kumhurumia kwa kumtazama kutoka juu.

Kesho yake alikuja mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, anataka pasipoti saizi nne za kikundi cha mkopo. Nilimpiga kama kawaida, masikio yaonekane, bluu nyuma. Halafu nikamwomba, "Mama, nikupige moja yangu?" Nikamsogeza mlangoni mwanga unakoingilia, nikamwambia asitoe kanga yake ya njano. Hakutabasamu na sikumwomba atabasamu. Nilimtolea bure. Ananiambia mwanawe ameiwekea fremu.

Kuhusu sanaa ya kidijitali nilikuwa mgumu kidogo. Mwaka ule wa 2021, tarehe 11 Machi, mnada wa Christie's uliuza kazi ya Mmarekani anayejiita Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, faili tu, na dunia nzima ikazungumzia hela. Picha zake nyingi sizipendi, nyingine zinanikera. Lakini kilichonishika ni hesabu ya siku: kuanzia 1 Mei 2007 alitengeneza picha moja kila siku, hakuruka, mpaka zikafika 5,000, ndizo alizoziunganisha. Nilimsimulia mdogo wangu anayeishi Igoma, ambaye anachora kwa kidole kwenye simu kwa programu ya ibisPaint. Sasa naye anatoa moja kwa siku. Amefika 140 na ushee.

Alipokuja nyumbani alimwonyesha baba jinsi anavyopanga leya: ni kama karatasi za plastiki angavu zilizolazwa moja juu ya nyingine, anga kwenye moja, maji kwenye nyingine, mtumbwi juu. Akikosea mtumbwi anaufuta, maji hayajaguswa. Baba alinyamaza. Yeye akikosea alisubiri siku nzima rangi ikauke ndipo afunike. "Kwa hiyo chini ya kila picha hakuna makosa," akasema. Sijajua kama alisifu au alisikitika.

Jambo moja la kazi yangu nilieleze, maana wateja wananilaumu. Simu inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, bluu. Printa inatengeneza kwa wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Ipo bluu ambayo mwanga unaweza kuitoa na wino hauwezi, hata ununue katriji mpya leo. Ndiyo bluu ya ziwa letu pale Jiwe la Bismarck jua likishazama, ambayo kila mtu anaipiga picha. Ikitoka kwenye karatasi imezima. Kazi iliyochorwa kwa ajili ya kioo ina mwanga wake, na siku hizi naiangalia kwenye kioo. Ya lubugo natamani kuisimamia mbele siku moja, nione matundu kwa macho yangu.

Mwaka jana nilikuwa na baba kwenye daladala, tunatoka Buzuruga. Foleni ilisimama mbele ya fleksi kubwa, bango la plastiki la kuchapwa, ya muuza samaki. Sangara, mkia umepinda kushoto, jicho lina nukta mbili nyeupe. Nukta mbili! Hakuna mchoraji mwingine Mwanza anayeweka mbili. Mtu alipiga picha mtumbwi, akaikata, akaichapa mita tatu. Nikatazama kona ya chini kulia. Palikuwa na doa la bluu, limesuguliwa kwa kompyuta, halifanani na bluu iliyolizunguka.

Baba hakusema neno mpaka tuliposhuka. Halafu akasema, "Wamemtoa furu."

Nilikwenda kwa waliochapa. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu, akaniambia, "Dada, tuliitoa mtandaoni. Haina mwenyewe." Nilimwonyesha picha ya mtumbwi, furu akiwepo, na mzee aliyemchora amesimama pembeni na kopo la rangi. Akasema atamwambia bosi. Fleksi bado ipo pale, jua linaipausha.

Kwa hiyo sasa tunamtafuta furu. Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua duka, tunashuka Mwaloni mitumbwi ikiwa imevutwa mchangani, tunapita ubavu mmoja mmoja. Mitumbwi inapakwa rangi upya au inaoza, kwa hiyo tumepata mitatu tu. Mabango ya bati yamevumilia zaidi: kinyozi Pasiansi, duka la nyavu, zahanati moja ambayo ilishafungwa na bango limegeuzwa kuwa mlango wa banda la kuku. Jumla ni kumi na moja. Kila moja lina ukurasa wake kwenye kauntabuku, ile ile yenye Mlengeya na Armitage, na baba anataja mwaka na rangi aliyotumia, nami naandika.

Kama uko Mwanza, Sengerema, Magu au visiwani Ukerewe na una bango la zamani la kuchora kwa mkono, tazama kona ya chini kulia. Ukimkuta samaki mdogo urefu wa kidole gumba, piga picha bango zima naye akiwemo, unitumie WhatsApp. Tafadhali itume kama dokumenti, isije ikabanwa njiani.